Tikiti ya Mama Mkwe

Mvua ndiyo iliyomlazimisha mama mkwe wa Wasike kupanda basi. Siku nyingine zote alikwenda kwa miguu, kutoka Nyalenda alikopewa mahali pa kulala na jirani wa kwao, mpaka hospitali ya Russia, ile iliyojengwa na Warusi, alikolazwa bintiye. Nauli alikuwa nayo. Alichokuwa akikikwepa ni mkwewe. Wasike Waliaula alikuwa kondakta wa mabasi ya mji wa Kisumu, na basi, tuseme ukweli, si mahali pa kumheshimu mtu. Kwa Wabukusu mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Ndani ya basi hakuna kichaka.

Huo ulikuwa mwezi wa Aprili, mwaka wa sabini na mbili, na masika yalikuwa yameigeuza barabara ya Nyalenda kuwa mto wa matope. Nabututu, yule jirani aliyempokea, alimwambia mama huyo asijitese. Alimweleza kwamba mkwewe hufanya kazi kwenye basi la Dunga, na hili linalokwenda Mamboleo kupitia hospitalini lina kondakta mwingine kabisa, Mjaluo mnene mwenye pengo. Nabututu hakudanganya. Ila asubuhi hiyo yule mnene alikuwa kitandani anatetemeka kwa malaria, na Wasike aliambiwa ashike zamu ya basi la Mamboleo bila kuulizwa anaonaje.

Mama mkwe akaingia kwa mlango wa nyuma, chupa ya uji ameikumbatia ndani ya kitambaa. Wakati huo Wasike alikuwa mlango wa mbele akimsaidia Aoko, mchuuzi wa samaki, kupandisha kapu lake la ngege. Dereva akaondoa gari. Wasike akageuka, akashika kitabu cha tikiti, akainua macho, akamwona. Mama alikuwa kwenye kiti cha mwisho kabisa, amejifunika leso kichwa na uso, ameugeukia ubavu wa basi. Ilikuwa wazi kwamba yeye ndiye aliyetangulia kumwona mwenzake, na kwamba angepata namna angeshuka hata kwa dirisha.

Jina lake lilikuwa Nasipwondi. Wasike hakuwahi kulitamka tangu siku ya kwanza alipopeleka ng'ombe kwao.

Akaanza kukata tikiti kutoka mbele, taratibu kuliko kawaida yake. Alipokaribia viti vya nyuma akarudi, akajifanya anatafuta chenji. Alijiuliza afanye nini. Kumwendea na kumnyooshea mkono hakuwezekani. Kumtuma mtu akamdai nauli kulikuwa kubaya zaidi: mwanamume aliyetoa ng'ombe kwa mama huyo, leo atume mtu akachukue senti zake? Basi akafanya alivyofundishwa na waliomlea. Akatoa nauli mfukoni mwake, akaitia kwenye mkoba wa kampuni, akachana tikiti moja kwa ajili yake.

Sasa tikiti yenyewe aifikishe vipi? Angeweza kumpa Aoko aipeleke, lakini Aoko alikuwa na mdomo ambao mji mzima uliujua, angeuliza kwa sauti imetoka kwa nani na ya nini, na basi zima lingegeuka kumtazama yule mama. Wasike akaona heri yaishe kimya kimya. Akaikunja tikiti, akaitia mfuko wa shati, akashusha pumzi kama mtu aliyevuka mto salama.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe hakuna kondakta mwingine ambaye angelifanya kwa nia njema. Kampuni ilikuwa inasumbuliwa na ugonjwa mmoja. Makondakta walikuwa wakiziokota tikiti kwa abiria wanaoshuka, wanaziweka mfukoni, halafu wanamuuzia abiria mwingine tikiti ile ile na nauli wanaila. Wenyewe waliziita kiporo. Wawili walikuwa wamefukuzwa tangu Krismasi, na amri ilikuwa imebandikwa ukutani stendi: kondakta akikutwa na tikiti iliyokatwa mfukoni mwake, kazi imekwisha. Wasike aliisoma amri hiyo kila siku. Asubuhi ile haikumjia kichwani kabisa.

*

Inspekta Joram Obiero aliwapandia kwenye kituo cha Kondele. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole huo ndio makondakta walioogopa. Akapita kiti baada ya kiti akitazama tikiti, akitania na wanawake, mpaka akafika nyuma.

"Mama, tiketi yako iko wapi?"

Nasipwondi hakugeuka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na hata hicho kidogo kilikuwa kimemkimbia.

"Mama, mimi naongea na wewe."

"Wacha huyo mama, Obiero," Aoko akasema kutoka mbele. "Huoni ni mtu mkubwa? Pengine hata Kiswahili hasikii."

"Sijakataa yeye ni mtu mkubwa. Nauliza tiketi tu." Obiero akageuka. "Kondakta, huyu mama amelipa?"

"Amelipa," Wasike akasema.

"Tiketi yake iko wapi?"

"Iko na mimi."

Akaitoa mfuko wa shati. Basi lilikuwa limejaa kelele za mvua na watu, na sasa watu wakanyamaza, ikabaki mvua. Kisha mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Kila mtu Kisumu alikuwa amesikia habari za kiporo.

Obiero akaishika ile tikiti kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. Akauliza, bila kupandisha sauti, kwa nini tikiti ya abiria iko kwa kondakta. Wasike akamwambia ni mtu wake. "Mtu wako nani?" Swali lilikuwa jepesi. Wasike akatazama shingo ya mama mkwe wake, ilivyokuwa imekakamaa chini ya leso, na watu walivyokuwa wameinuka vitini wasije wakakosa jibu, na ulimi ukamwia mzito. Angesema neno hilo, macho yote yangekwenda kwa yule mama. Angekuwa amemvua nguo mbele ya wauza samaki. Akajiambia atasema ofisini, penye watu wachache.

Laiti angesema. Obiero mwenyewe alikuwa na mama mkwe kule Kombewa ambaye hangethubutu kukaa naye benchi moja, na angeelewa kabla neno halijaisha. Lakini mtu haelewi ambacho hakuambiwa. Akaandika jina la Wasike. Kisha akamwambia yule mama ashuke, maana sheria ni sheria, asiye na tikiti hushuka.

Nasipwondi akashuka na chupa yake. Alipita karibu na Wasike, naye Wasike akajibana kwenye nguzo na kufumba macho ili asimguse. Basi lilipoondoka alimwona kupitia kioo cha nyuma, anatembea kando ya barabara kwenye matope, leso imelowa na kumganda kichwani. Wasike bado alikuwa na tikiti za watu wa Mamboleo za kukata.

*

Meneja, Bwana Ogola, alikuwa kijana aliyesoma, mwenye tai na kalamu mbili kifuani. Alimsikiliza Wasike mpaka mwisho, jambo ambalo si haba. Wasike akaeleza yote: mkewe aliyejifungua kwa kupasuliwa na kidonda kilichokataa kufunga, mama aliyetoka Bungoma kuja kumuuguza, mvua, malaria ya yule kondakta mnene. Obiero alisimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa nini hukuniambia pale ndani ya gari?" akauliza Obiero.

"Ningesemaje, Bwana Inspekta, na watu wanatazama?"

Ogola akasema hadithi ni nzuri, lakini kila kondakta akishikwa huwa na hadithi. Mmoja alikuwa na shangazi kiziwi, mwingine alikuwa na padri. Yeye hana haja ya kumwonea mtu mwenye mtoto mchanga. Basi amlete huyo mama siku ya Ijumaa. Aketi kwenye kiti kile, amtazame, aseme huyu ni nani wake. Akisema, kazi itarudi. Asipokuja, Wasike arudishe sare na ahame chumba cha kampuni anachoishi.

Wasike akaomba mama asemee nje, barazani, na mlango uwe wazi. Ogola akatabasamu.

"Hii ni ofisi, Wasike, si boma. Shahidi anaonekana uso. Nitajuaje hujaleta mama yeyote kutoka sokoni?"

Hata hilo lilikuwa na haki yake. Wasike akatoka.

*

Hospitalini hakuwahi kuingia wodini mama mkwe akiwemo. Walikuwa na utaratibu wao. Nasipwondi akienda bombani kufua nepi, Nelima huinua mkono dirishani, na Wasike husogea akazungumza na mkewe kupitia nondo. Siku hiyo alimkuta amekaa, mtoto Nekoye ananyonya, na uso wake unaonyesha ameshajua.

"Mama alifika hapa amelowa mpaka mifupa," Nelima akasema kwa lugha yao. "Hakusema kitu. Mimi ndiye niliyemtoa maneno kidogo kidogo."

Wasike akamweleza habari za Ijumaa. Alieleza haraka, kama mtu anayetaja jambo ambalo haliwezekani, ili waache kulifikiria na watafute jingine. Nelima akasema atamwambia mama. Wasike akakataa. Akasema afadhali alime kwa watu kuliko kumkalisha mama huyo kwenye kiti amtazame usoni mbele ya Ogola. Kwao watasemaje? Nani atakuja kuuondoa mkosi huo?

"Una njia gani nyingine?" Nelima akauliza.

Hakuwa nayo.

"Daktari amesema nikitoka hapa nisiinue kitu kizito mpaka kidonda kipone. Kazi ikienda, chumba kinakwenda. Nitalala wapi na tumbo hili, Baba Nekoye? Nitapanda gari gani mpaka Bungoma, niruke mashimo yote yale?"

Wasike akasema Mungu hamtupi mja wake. Nelima akamtazama, akamhamishia mtoto ziwa la pili. Mlio wa ndoo ukasikika, mama anarudi kutoka bombani, na Wasike akaondoka dirishani upesi kama kawaida.

*

Ijumaa alifika ofisini peke yake, sare ameipiga pasi. Moyoni alikuwa akiomba mama asije, na wakati huohuo akiomba aje, na maombi yote mawili yalimtia haya. Alikuwa ameshapewa kiti aliposikia sauti ya Nabututu barazani, anauliza ofisi ya meneja ni ipi. Miguu ikamwinua yenyewe. Akasimama, akaugeukia ukuta penye kalenda.

"Bwana, kaa chini," Ogola akasema. "Unaangalia nini huko?"

Wasike akakaa, macho yameganda kwenye magoti yake. Nasipwondi akaingia nyuma ya Nabututu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na ameazima viatu ambavyo havikumtosha, na leso ameishika chini ya macho kwa mkono mmoja. Akaketi pale alipoonyeshwa. Kati yake na Wasike palikuwa na meza ndogo tu. Hawakuwahi kuketi karibu hivyo, na chumba kizima kilikuwa kinanuka mvua na wino.

Ogola akamsalimu kwa heshima, akamuuliza safari. Kisha akasema, "Sasa mama, fungua uso. Mwangalie huyu kijana, utuambie ni nani wako."

Nabututu akatafsiri. Obiero, pale mlangoni, akakohoa na kutazama nje, na mtu angeweza kuona kwamba alikuwa anatamani kuwa mahali pengine. Wasike hakuinua kichwa, lakini kwa pembe ya jicho aliuona mkono wa yule mama. Ulikuwa mkono wa mkulima, mishipa imesimama. Ukaanza kuishusha leso.

"Mimi nilikula hiyo nauli," Wasike akasema.

Mkono ukasimama.

"Unasema nini?" Ogola akauliza.

"Tikiti ilikuwa kiporo. Niliiokota kwa mtu aliyeshuka. Huyu mama simjui. Mwacheni aende."

Nabututu akapigwa na butwaa, hakutafsiri. Haikuhitajika. Kidogo kile cha Kiswahili alichokuwa nacho Nasipwondi kilitosha kuelewa maneno hayo.

Obiero akaja mpaka katikati ya chumba. "Omera, ndugu yangu, sema vizuri," akamwambia Wasike polepole. "Fikiria kwanza. Mimi naona huyu mama. Naona vile nyinyi mnakaa. Sema tu ile ulisema juzi."

Hapo mlango ulikuwa wazi mbele yake, na aliyeufungua ni mtu yule yule aliyemshika. Neno moja lingetosha. Lakini mkono ule ulikuwa bado umeshika leso, nusu uso uko wazi, na Wasike alijua akisema ndiyo, leso itamaliza kushuka, naye atalazimika kuinua kichwa. Akarudia kwamba aliiba. Ogola akafunga kalamu yake moja, akasema basi, afadhali aliyekiri. Alionekana kufurahi kwamba mambo yamekuwa mepesi.

Sare ilikuwa mali ya kampuni, koti na shati pia. Akavitoa pale pale kwenye chumba cha karani, akavikunja, akatoka na fulana yenye matundu, akapita stendi katikati ya watu waliokuwa wakimwita kwa jina kila asubuhi. Dereva wake alimwona, akajifanya anakagua tairi.

*

Alikwenda hospitalini kwa miguu, na habari zilikuwa zimemtangulia. Hakungoja dirishani. Nelima alikuwa ametoka wodini, mara ya kwanza tangu apasuliwe, anatembea kwenye ukumbi kwa kushika ukuta, mkono mwingine ameukinga tumboni. Wasike alitaka kumshika, yeye akatikisa kichwa.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Sikuweza kumwona mama akivuliwa heshima yake."

"Nani alimvua?" Nelima alikuwa anahema, anasimama kila baada ya neno. "Jana alilia hapa kitandani kwangu mpaka akamaliza. Akasema amezaa watu, amezika watu, hatashindwa kufungua uso mbele ya mtoto wa watu. Alikuwa amekubali, Baba Nekoye. Alikuwa anaitoa heshima yake kwa mkono wake mwenyewe, ananipa mimi. Wewe ukamkatalia."

"Nilimheshimu."

"Ulisema mbele yake kwamba humjui."

Mkewe hakuwa amepaza sauti, na afadhali angepaza.

"Uliogopa kutazamwa," Nelima akasema. "Hilo tu. Ukaona heri uitwe mwizi kuliko kutazamwa usoni na mama yangu. Sasa nyumbani wataambiwa alimwoza binti yake kwa mwizi, naye hawezi kukana, maana alisikia kwa masikio yake. Na mimi mwisho wa mwezi nitakwenda na kidonda changu sijui wapi."

Alikuwa anasema kweli, na Wasike aliijua kweli hiyo kabla hajaambiwa. Aliijua tangu mle ofisini, Obiero aliposema fikiria kwanza. Alitaka kuomba msamaha, akawa anatafuta aanzie wapi.

Nyayo zikasikika kutoka upande wa bombani, nyayo nzito za mtu mwenye viatu visivyomtosha. Wasike akageuka kuutazama ukuta. Alifanya hivyo kabla hajafikiri, kama alivyofanya miaka yote. Nyayo zikaja mpaka nyuma yake, zikasimama.

Hazikupita. Alisikia pumzi za yule mama, alisikia nepi zilizolowa zinadondosha maji sakafuni. Hakuwahi kusimama hivyo nyuma yake, siku zote alikuwa akipita. Alikuwa anangoja kitu. Wasike alijua anachongojewa, na alijua kwamba ukumbini hapakuwa na Ogola wala basi zima la watu, palikuwa na mkewe na mama aliyemzaa mkewe. Aliona rangi ya ukuta ilivyobambuka. Akamkumbuka baba yake, akakumbuka kwao, akajiambia sasa hivi, nitageuka sasa hivi.

Mama akavuta pumzi ndefu, akaihamisha ndoo mkono wa pili. Nyayo zikaanza tena, zikaenda polepole mpaka mlango wa wodi, zikapotea.

Nelima alingoja kidogo.

"Ameshapita," akasema. "Unaweza kugeuka."